Kosa la Kuchomoa

Si kila kosa hurudiwa, mengine huchomolewa. Jana mlimsikia Tusajigwe akimwambia hivyo mpiga kinanda, mkacheka, kisha mkaniuliza neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka humu humu kwenye kwaya yetu, nami nilikuwapo. Lilianza hivi.

Jumanne aliyofariki mume wangu, Mwalimu Anyelwisye, ilikuwa siku ya mazoezi. Waimbaji walifika kanisani wakasubiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuchelewa. Baada ya mazishi nilibaki na kompyuta yake ndogo. Humo alikuwa amerekodi nyimbo arobaini na mbili alizotunga, akiimba mwenyewe sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Hakuandika nota. Aliyetaka kujifunza wimbo alikaa akasikiliza.

Tulipokwisha kuanua matanga, kompyuta ile ikagoma kuwaka. Nikamwita Gwakisa, mwimba besi anayetengeneza simu sokoni.

"Mama, mfumo wake ndio umekufa," akasema. "Nitaweka mpya. Nyimbo ziko upande wa pili wa diski, sitazigusa."

Jumamosi mchana akaja na flashi yenye mfumo mpya, akaichomeka, nasi, mimi na waimbaji wenzake, tukamzunguka mezani kwangu. Kazi ilikwenda vizuri hadi mwisho. Mashine ikajizima, ikajiwasha, halafu ikatuletea tena ukurasa ule wa kwanza kabisa: chagua lugha.

"Imekataa," akasema Gwakisa.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Mwalimu. Kwaya ikikosea, hakueleza kosa. Aligonga meza akasema, "Rudia!" Tulilelewa hivyo, tukaamini kila kosa dawa yake ni hiyo.

"Rudia, Gwakisa!" wakasema wa sauti ya kwanza, wakicheka.

Akarudia. Ukurasa ule ule.

"Nyie besi lini mmepata kitu mara mbili tu?" Tusajigwe akamtania. "Rudia!"

Safari hii Gwakisa alikuwa anatoka jasho. "Labda kuna uchafu wa zamani unaozuia," akanong'ona. Mashine ilipouliza kama ifute diski yote, akabonyeza ndiyo. Sidhani kama alisoma.

Ukurasa wa kwanza ukarudi.

Hakuna aliyesema rudia. Tusajigwe akainama ubavuni mwa mashine. "Na hiki kijiti mbona bado kinawaka?" Akakichomoa.

Gwakisa akaizima mashine, akaiwasha. Ikafunguka moja kwa moja hadi ndani. Tukapiga vigelegele, tukakumbatiana. Gwakisa alikuwa amesimama, mkono kinywani.

"Ilikuwa inaanzia kwenye flashi," akasema. "Kila ikiwaka, inaanzia kwenye flashi. Mama, mfumo ulikubali tangu mara ya kwanza."

"Na nyimbo?"

Akafungua diski atuonyeshe upande wa pili. Hakukuwa na upande wa pili.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kadiri kila mtu alivyoelewa. Nilimzika mume wangu nikiwa nimesimama. Siku ile nilikaa chini sakafuni, na hakuna aliyethubutu kuniinua. Tusajigwe alikuwa bado ameshika ile flashi. Akaitazama kama kitu kilichomuuma.

"Kumbe si kila kosa hurudiwa," akasema taratibu. "Mengine huchomolewa."

Gwakisa aliipeleka mashine kwa fundi mmoja Mbeya ajaribu kuzirudisha nyimbo. Ilirudi na majina ya nyimbo zote arobaini na mbili. Hakuna hata moja iliyotoa sauti. Sikumlaumu; yeye alifanya kile ambacho mume wangu alitufundisha sote.

Kwa hiyo mkimsikia Tusajigwe, msicheke. Jambo likikwama, kabla hujaanza upya, angalia kwanza ni kitu gani umekiacha kimechomekwa. Huenda kazi ilikwisha zamani. Si kila kosa hurudiwa, mengine huchomolewa.

Kwaya sasa ina nyimbo kumi na moja, zile ambazo waimbaji walikuwa wamezishika kichwani.