Sange na Ujira wa Ukoko

Sufuria!
— Mfuniko!
Sufuria!
— Mfuniko!
Nifunue, nisifunue?
— Funua, tunuse!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu, maana ngano hii ni ya usingizi usingizi, ukiishtua itakimbia.

Hapo kale, mtoni, ilikuja homa ya ukungu. Ukungu ulipanda kutoka majini asubuhi moja, mweupe, mzito, ukakaa. Aliyeuvuta alikohoa, aliyekohoa alilala, na wengine hawakuamka. Basi kila mnyama akajifungia shimoni kwake. Mgahawa wa Kiboko, uliokuwa ukijaa wateja tangu alfajiri, ukafungwa. Uyoga ukaota juu ya viti. Buibui wakahamia mezani, wala hawakulipa kodi.

Siku moja ukungu ukaondoka kama ulivyokuja. Wanyama wakatoka wamekonda, wanatembea polepole, hawana hakika kama wameamka au bado wanaota.

Sange naye akatoka. Mnamjua Sange? Kale kanyama kadogo kama panya, pua ndefu isiyotulia. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa Kiboko. Shimoni aliacha watoto waliokula mizizi mpaka mizizi ikaisha, na yule mdogo hakuwa tena na nguvu ya kulia. Hilo ndilo lililomtia Sange hofu. Mtoto anayelia bado anadai chakula. Anayenyamaza ameanza kukata tamaa.

Tiki-tiki-tiki, akaenda mgahawani. Akamkuta Kanga, mhudumu wa mezani, anafagia uyoga. Akamkuta Kiboko amekaa katikati, anayatazama magunia ya mchele yaliyopangwa ukutani, mate yanamtoka.

Mchele huo ulitoka kwa Baraza la Mto. Baraza lilisema kila mgahawa unaofunguliwa tena upewe mchele wa kuinukia. Aliyeuleta ni Korongo, naye alikuwa bado yupo, amesimama mguu mmoja, anatangaza kanuni kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto:

"Mchele huu ni wa kuinua mgahawa mzima, si tumbo la mmoja. Mwajiri ataje ujira mbele yangu, mfanyakazi aukubali. Ukishatajwa haubadilishwi, ila mfanyakazi mwenyewe aridhie. Atakayevunja, magunia yanarudi. Haya Kiboko, utawalipa nini?"

Kiboko akakuna kidevu. Wali wangu, akawaza. Mchuzi wangu. Nini si changu? Akakumbuka desturi ya majikoni: ukoko, ule wali unaoshika na kukauka chini ya chungu, ni wa mpishi na watoto, mwenye nyumba haugusi.

"Ujira wao ni ukoko," akasema. "Wote utakaoshika. Kwa vitumbo vyao hivyo, watatosheka."

Kanga akavimba manyoya. "Ukoko! Bosi, mimi nisimame kutwa nzima kwa ukoko?"

Moyo wa Sange uliwaka. Alitamani kumng'ata Kiboko kidole cha mguu. Lakini pua yake ikazunguka huku, ikazunguka kule, ikatulia.

"Wote, bosi?"

"Wote."

"Uwe kidogo, uwe mwingi?"

"Uwe kidogo, uwe mwingi! Mimi si bahili."

"Nimekubali," akasema Sange.

Kanga akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini alimjua Sange tangu zamani, akameza maneno yake, naye akakubali. Korongo akainamisha shingo, akaenda zake.

Kesho yake mgahawa ukafunguliwa. Sange akakuna nazi, akaosha mchele. Hakuutia chunguni. Akautandaza kwenye masinia mapana, mwembamba mwembamba, akaufunika, akaweka makaa chini, akaweka makaa juu. Tsss! Harufu ya nazi ikatoka dirishani, ikapita juu ya maji, ikaingia mashimoni. Wagonjwa wakainua vichwa, wakadhani ni ndoto. Wateja wakaja, wakakaa, wakangoja.

Kiboko akafunua sinia la kwanza, akachota. Kijiko kikagonga: ko! Akafunua la pili: ko! Ukoko mtupu, wa rangi ya asali, ukingo hadi ukingo.

"Sange! Wali uko wapi?"

"Umeshika, bosi. Wote umeshika. Pole sana."

Sange na Kanga wakakaa mlangoni na ujira wao: kru, kru, kru. Wateja wakaleta viazi vikuu, wakaleta na asali, wakabadilishana nao. Kiboko akaomba kipande. "Bosi, huu ni mshahara," akasema Sange kwa upole. "Nikikupa, mimi nitakula nini?"

Jioni Sange alirudi shimoni na mzigo kichwani. Yule mtoto mdogo akatafuna, akameza, kisha akapiga kelele akidai zaidi. Sange akafurahi hadi akalia.

Siku ya pili Kiboko akasema, "Leo nakoroga mwenyewe." Akatia mchele kwenye chungu kirefu, akashika mwiko. Toko, toko, toko. Mvuke ukapanda, mweupe, mzito. Sange akakaa pembeni, akaanza kuimba chinichini:

*Koroga pole, mto unapita,
koroga pole, ukungu unapita,
koroga pole, na njaa itapita.*

Kiboko akakoroga pole. Macho yakawa mazito. Akaota amelala chali mtoni, na mto wenyewe ni wali wa nazi, laini, vuguvugu, unatiririka kutoka milimani bila mpishi na bila mshahara. Akafungua kinywa, aaaah, uingie wote. Hata leo hufungua kinywa hivyo mtoni, na wanyama wengine wanasema ni miayo. Si miayo ile.

Huku nyuma masinia yakatoka kimya kimya, Kanga akiyashikilia kwa mbawa. Wali ukahama chunguni kabla haujakauka. Makaa chini, makaa juu.

Kiboko akazinduka anatafuna mwiko. Mlangoni akasikia: kru, kru, kru.

Siku ya tatu Kiboko, tumbo tupu, akamwita Korongo. "Futa kanuni hii, inaniua!"

"Kanuni haifutwi," akasema Korongo. "Muombe mwenye ujira."

Kiboko akapiga magoti: puu! Vikombe vikaruka rafuni. "Dada Sange," akasema, na hajawahi kumwita dada tangu azaliwe, "taja unachotaka."

"Sahani ya wali iliyojaa, kila jioni, kwangu na kwa Kanga, kabla hujala wewe."

"Kabla?"

"Kabla. Bahashishi anayopewa Kanga ni ya Kanga. Na anayekohoa akae nyumbani, sahani yake imfuate hukohuko."

Kiboko akameza mate. "Na ukoko?"

"Ukoko chukua wewe, bosi. Wote."

Kiboko akacheka hadi mbavu zikamuuma. Akajiona mshindi. Tangu siku ile Sange akapika wali unaochambuka punje kwa punje, na chungu kinabaki safi kama kimeoshwa. Kila jioni Kiboko huingiza kichwa humo, akakwangua, akakwangua, na kutoka akishangaa.

Ngano yangu nimeipakua yote. Mwenye njaa akapike yake.

Na funzo? Funzo ni hili, enyi mlioajiriwa: bosi akikutajia ujira wa kijinga, usibishe, usinune. Mfanyakazi mwema husema ndiyo, akashukuru. Kisha huuliza tu masinia yako wapi.