Jina Moja kwa Maalim Haruni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asilolijua, naye akitaka humwondolea alilolijua. Kisa hiki kilitoka Kondoa, kinywani mwa Bi Mwanjaa binti Hamisi, aliyekipokea kwa dadaye, jirani wa wenyewe.

Walikuwapo watu watatu. Nesi Tusekile alijaliwa mkono mwepesi wa sindano. Sudi, fundi baiskeli, alijaliwa miguu isiyochoka. Bi Salaama alijaliwa subira ya kufundisha. Wote watatu walikutanishwa na maradhi ya mtu mmoja, Maalim Haruni, mume wa Salaama.

Salaama alikuwa na siku arobaini tu za ndoa Maalim alipopatwa na homa ya ubongo. Homa ilipoondoka, Maalim bado aliijua Kurani yote, na alimkumbuka marehemu mkewe wa kwanza. Zile siku arobaini zilifutika, na tangu hapo hakuna jipya lililoshika.

"Wewe binti wa nani, mama?" humuuliza Salaama kila asubuhi.

"Mimi mkeo, Maalim."

"Mimi mgane, usinitanie. Ila kama hujaposwa, nitamtuma mtu kwenu."

Salaama hucheka, kisha huingia jikoni akalia.

Nesi Tusekile alimweleza hivi: "Wataalamu wengi wanaamini kuwa hata ubongo wa mtu mzima una kitalu kidogo ambamo seli mpya huchipua. Kwa hizo mtu hushika jambo jipya, asilichanganye na la jana. Ugonjwa ulipoingia, askari wa mwili walipigana humo. Adui amekwisha, lakini askari hawajaondoka. Uvimbe wao unaikanyaga miche."

"Wataondoka lini?"

"Sijui kama wataondoka, Bi Salaama. Tujaribu."

Tusekile akawa anamchoma kila siku sindano ya kupoza uvimbe, huku Maalim akimsukuma, "Simjui huyu, asinitie sumu."

Sudi akawa anamtembeza hadi mtoni na kurudi, kwa kuwa mwendo huilisha miche ile. Mara mbili Maalim alimkimbia akidhani ametekwa. Mara ya pili alipatikana kesho yake, miguu imechanika.

Salaama naye akawa anamwandikia ubaoni neno moja jipya kila siku, kwa kuwa mche usiotumiwa hufa. Kukicha, neno halimo.

Mwezi wa kumi na moja, mbele ya msikiti, Maalim akasimama. "Mlango huu juzi ulikuwa wa buluu," akasema. "Nani kaupaka kijani?" Kesho yake akauliza vilevile, na keshokutwa.

Watu wakashangilia, kwa kuwa buluu ile ilipakwa baada ya homa. Nesi hakushangilia.

"Uvimbe umeanza kurudi," alisema, "na dawa sina nyingine. Kilichochipua ni kidogo. Mkimpa majina yetu matatu atayachanganya yote. Mfundisheni moja, na huenda lisifuatiwe na jingine."

"Basi awe mimi," akasema Sudi. "Akinijua hatanikimbia. Safari ya tatu tutamwokota maiti."

"Mimi sitaki sifa," akasema Tusekile. "Lakini akilijua jina langu ataipokea sindano, na bila sindano hata hilo jina litaondoka."

Wakamtazama Salaama.

"Nyinyi mnamtaka awe hai," akasema. "Nami namtaka awe hai. Lakini awe hai kwa nani, ikiwa hana mke?"

Kila mmoja alikuwa na haki, kwa kuwa bila mmoja wao Maalim asingeukumbuka mlango ule. Asubuhi Salaama akakaa mbele ya mumewe, ubao magotini, chaki mkononi.

"Leo tunasoma nini, mama?" akauliza Maalim kwa adabu.

Chaki ikagusa ubao, isiandike.

Je, wewe uliyesikiliza, ungeandika jina la nani?

Mwenyezi Mungu awahifadhie wote mliosikiliza majina ya mnaowapenda, na siku mtakaposahau, awajaalie wa kuwakumbuka. Amin.