Siku Saba za Bi Taipu

Wapo watu wanaoona kuuliza ni kujivua nguo mbele za watu. Afadhali wapotee, mradi wasionekane hawajui njia. Wahenga waliwajua, wakawaachia neno lao. Bi Taipu naye alilijua neno hilo tangu utotoni, lakini kulijua neno na kulitii ni mambo mawili.

Alikuwa mpiga taipu mstaafu. Miaka thelathini alichapa mikataba ya watu katika ofisi ya wakili, vidole vikikimbia na akili ikiwaza mboga ya jioni. Mtaani walimhesabu bingwa wa sheria, naye hakumkatalia mtu. Kumbe maskini hajawahi kusoma mkataba hata mmoja. Alizifuata herufi tu.

Mumewe alipofariki, nyumba ilimwelemea. Vyumba viwili vya upande wa pili vikawa kimya. Wakati wa kupakua chakula alijikuta ametoa sahani mbili, akairudisha moja kabatini. Upweke ulimla polepole kama mchwa. Akaona bora apangishe, angalau asikie mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Akaenda kwa dalali wa nyumba, kijana mpole mwenye ofisi ya meza moja. Dalali alimwekea mkataba wa uwakala wa kurasa nne, akaanza kumfafanulia kifungu kwa kifungu. Hata ukurasa wa kwanza hakuumaliza.

"Mwanangu, karatasi hizi nimezichapa kabla hujazaliwa," Bi Taipu alimkatiza, akazitia saini zote.

Dalali alicheka, akaomba radhi, akampa nakala yake.

Siku ya tatu wifi yake akapiga simu. Huyu ni dada wa marehemu, mjane pia, na walishibana tangu Bi Taipu alipoolewa. Aliomba kuja kukaa katika vyumba vile, wazeeke pamoja. Bi Taipu alilia kwa furaha, akamwambia afungashe. Kisha akaufungua mkataba. Kifungu cha pili kilisema kwamba kwa miezi sita dalali peke yake ndiye atakayetafuta mpangaji, kumchagua na kutia saini kwa niaba ya mwenye nyumba.

Je, aliruhusiwa kumpangisha wifi yake mwenyewe? Hakujua. Mara mbili alivaa viatu aende kuuliza, mara mbili akavivua. Angemtazamaje yule kijana baada ya majigambo yale? Akajipa moyo kwamba wapangaji hawaokotwi, na mambo yatajipa yenyewe.

Siku ya tisa dalali alibisha hodi, uso umejaa bashasha. Alikuwa amepata kampuni nzuri, na mkataba wa miaka miwili umeshatiwa saini. Ndipo Bi Taipu, kwa sauti ndogo, akamtaja wifi yake.

Dalali alikaa kitako, bashasha imemtoka. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ulikuwa na siku saba za kujitoa bila lawama. Imeandikwa ukurasa wa mwisho. Na ungeniuliza tu, ningemwandikia wifi yako mkataba siku ileile."

Bi Taipu alikuwa ameishia kifungu cha pili. Ukurasa wa mwisho hakuwa ameufikia.

Wifi alipoambiwa hakulaumu. Alisema si kitu, akaenda kuishi kwa mwanawe, safari ya siku mbili kutoka pale, na simu zake zikaanza kupungua. Kampuni nayo ikaleta mali yake: makabati ya chuma na maboksi ya karatasi kuukuu, hadi darini. Vyumba vikawa stoo. Wafanyakazi walifunga kufuli, wakaenda zao.

Siku hizi Bi Taipu akishapakua chakula chake huegemeza sikio ukutani. Hakuna anayekohoa. Ameusoma mkataba ule mpaka ameukariri, kurasa zote nne, na swali lililomkwama kooni siku zile hana tena haja ya kuliuliza. Aliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu mmoja, akabaki bila mtu hata mmoja. Hakika, kuuliza si ujinga.