Jina la Mwisho Kwenye Boriti

Kaeni vizuri. Anayetafuna muwa atafune polepole, na anayejua jibu kabla sijamaliza alimeze. Hadithi hii imenikosesha raha miaka mingi, sitaki mtu aimalize kwa papara.

Hapo zamani, na si zamani ya majitu na sungura, ni zamani ya mimi nikiwa na meno yangu yote, katika mji wa Bukolwa palikuwa na ghala kubwa la pamba. Msimu ukiisha ghala lilifagiliwa, mabenchi yakapangwa, na watoto wa mji wakacheza baleti ya Krismasi. Baleti ni ile ngoma ya kusimama kwa ncha za vidole. Wazee wetu waliiita ngoma ya kunyata, wakasema anayetembea hivyo ama ni mwizi ama kakanyaga mwiba. Lakini Krismasi ikifika, wao ndio waliowahi mabenchi ya mbele.

Mwalimu wa ngoma hiyo alikuwa Mwalimu Eugenia, mwembamba, mkali, aliyefundishwa na masista. Ngoma yake ilikuwa ile ile kila mwaka. Wachungaji wanane wanashika shuka kubwa la buluu, ndilo anga. Kondoo wanalala. Mawe yanakaa. Juu kabisa, kwenye jukwaa la mbao la kuwekea marobota ya pamba, anasimama Nyota. Ngoma inapiga moja, inapiga mbili, inapiga tatu, Nyota anaruka. Anaangukia katikati ya shuka, anainuka, anacheza, na watu wazima wanatoa leso. Kutoka juu pale mpaka chini ni urefu wa wanaume wawili, mmoja kasimama juu ya mabega ya mwenzake.

Wachungaji hawakuruhusiwa kutazama juu. Mwalimu alisema utukufu haukodolewi macho. Basi walishika pindo la shuka wameinamisha vichwa, wakisikiliza ngoma ya tatu. Nyinyi wenye akili mmeshaona kasoro. Sisi hatukuiona.

Kila aliyecheza Nyota aliandikwa jina lake kwa rangi nyeupe kwenye boriti ya mlangoni. Ukiingia unayasoma, yote ya watoto wa Mlimani, yaani watoto wa makarani na wenye maduka, wale wa rangi ya maji ya kunde. "Nyota lazima ang'ae," alisema Mwalimu. Sisi wa Kambini, watoto wa vibarua waliokuja kutoka pande zote, weusi ti, tulikuwa kondoo. Ukizidi weusi, jiwe. Mimi nilikuwa jiwe miaka mitatu. Chekeni, lakini kazi ya jiwe si mchezo. Pua ikikuwasha hujikuni.

Jiwe la pembeni yangu aliitwa Kankindi. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto na kila walichokuwa nacho kichwani. Jina lake halikuandikwa popote, si kwenye cheti cha kuzaliwa, si kwenye daftari la kanisa. Alikuwa akiitazama ile boriti kama mwenye njaa anavyotazama sufuria. Na ndani ya gunia lake la jiwe alitoboa tundu, akatazama ngoma yote, hatua kwa hatua. Tukirudi Kambini aliicheza nyuma ya choo, na mimi nikimpigia debe badala ya ngoma.

Mwaka huo ninaousema, Nyota alikuwa Klotilda, binti wa bwana mizani, yule aliyepima pamba. Ngoma ikapiga moja, ikapiga mbili, ikapiga tatu. Klotilda akaruka. Shuka likalegea upande mmoja, na Klotilda akapita pembeni mpaka kwenye saruji. Mlio wa ule mguu niliusikia nikiwa ndani ya gunia. Bado nausikia.

Wachungaji wanane wakaulizwa nani kaachia. Wanane walishika, mmoja aliachia, wanane walinyamaza. Klotilda hakuandikwa kwenye boriti, maana hakucheza mpaka mwisho. Akabaki na mkongojo.

Mwaka uliofuata, Mwalimu Eugenia alizunguka Mlimani yote kutafuta Nyota. Huyu alikuwa na kifua, huyu alikuwa na safari, huyu mama yake alifunga mlango kabla hodi haijaisha. Ndipo akashuka Kambini kwa mara ya kwanza, na viatu vyake safi, akasimama mbele ya mama yake Kankindi.

"Mama Kankindi, mwaka huu tumeona kila mtoto apewe nafasi. Watoto wote ni sawa."

Mama Kankindi alikuwa akichambua mchele. Hakuacha. "Miaka mitatu mwanangu ni jiwe, Mwalimu. Leo jiwe limekuwa nyota. Limeng'aa lini?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. Hakusema uongo mwingine, nampa haki yake kwa hilo.

"Kufa kwa wa kwao ni msiba," akasema Mama Kankindi, "kufa kwa wa kwetu ni hesabu ya vibarua kupungua mmoja. Nenda, Mwalimu. Sitoi mtoto."

Lakini Kankindi alikuwa mlangoni. "Mama, naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini nikikataa, mwakani wakipata Nyota wao, mimi narudi kwenye gunia. Hawatashuka huku tena."

Mama yake akauweka ungo chini. Kisha akasema, "Basi usiruke mpaka ujue nani aliachia." Hilo tu.

Kankindi akaenda kwa Klotilda, nami nyuma yake. Klotilda alitupokea uani, mama yake asituone.

"Sikuona mtu," akasema Klotilda. "Wao wameinama, mimi niko hewani. Ila najua upande. Ni upande wa dirisha. Pale wapo watatu."

"Na watakuwa wale wale?"

"Wale wale. Hakuna wengine wanaojua kulishika."

Halafu Klotilda akasema, "Nitakuja. Mama kanikataza kukanyaga ghalani, lakini nitakuja. Nitasimama karibu na ngoma. Wao hawatazami, mimi nitatazama. Shuka likiwa limekaza pande zote, nitainua mkongojo. Usipouona mkongojo, usiruke, hata ngoma ikipiga kumi."

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nishindwe kula. Siku moja kabla ya ngoma, jioni, alikuja Kambini Milembe, binti wa katekista. Mchungaji wa upande wa dirisha. Mimi na Kankindi tulikuwa tunachambua mchicha. Hakukaa.

"Ni mimi," akasema. "Niliyemwachia Klotilda ni mimi."

Kankindi akaweka mchicha chini. "Kwa nini?"

"Ngoma ya tatu ilipopiga nilifikiri, akinishinda uzito? Basi nikaogopa, na mikono ikafunguka. Sikuifungua mimi, ilifunguka. Mwaka mzima nasali, sijamwambia hata baba."

"Na kesho?"

Milembe akaanza kulia. "Sijui. Ningesema haitafunguka ningekuwa nakudanganya. Mwambie Mwalimu anitoe."

Nilimfinya Kankindi amwambie Mwalimu. Wewe ungefanya nini? Akimtaja, Milembe anafukuzwa, wachungaji wanabaki saba, ngoma inavunjwa, na Kankindi anarudi kwenye gunia. Asipomtaja, anaruka kwenye mikono ambayo yenyewe inasema haijijui.

"Shika pindo lako," akasema Kankindi. "Sitasema." Lakini usiku wote nilisikia, maana kuta za Kambini ni mabati, mtoto huyo anageuka kitandani na mama yake anamwambia lala, lala.

Siku ikafika. Ghala lilijaa mpaka madirishani. Mlimani wote walikuja, wengine kuona ngoma, wengine, Mungu anisamehe, kuona anguko. Nilikuwa kwenye gunia langu, jiwe la pili kutoka dirishani, jicho kwenye tundu nililotoboa kama la Kankindi. Nikamwona Klotilda ameingia kwa mlango wa nyuma, amesimama karibu na ngoma. Nikamwona Milembe, na nikaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Chini ya mikono mirefu ya kanzu yake ya mchungaji, alikuwa amelifunga pindo la shuka kwenye viganja na vifundo vya mikono kwa kamba ya marobota. Fundo la kulia alikuwa akilikaza kwa meno. Mikono ikifunguka, shuka lisitoke.

Kankindi akapanda. Akasimama ukingoni na nguo yake nyeupe. Na wakati huo huo mvua ikashuka.

Mnaijua mvua ya Desemba juu ya bati. Ghala zima lilikuwa kelele moja. Mpiga ngoma akapiga, tukaona mkono wake ukishuka, hatukusikia kitu. Wachungaji wameinama, hawasikii, hawaoni. Hawajui kama ni moja, au mbili, au tatu, au Nyota ameshapita. Kule juu Kankindi naye hasikii. Alikuwa akitazama kitu kimoja tu, mkongojo wa Klotilda.

Klotilda akatazama shuka upande huu. Akatazama upande ule. Akainua mkongojo.

Kankindi akaruka.

Naye akiwa hewani, mchungaji aliyekuwa pembeni ya Milembe akachoka kusubiri, akadhani yamekwisha, akaachia. Shuka likaanza kulegea upande ule ule wa dirisha. Nilifumba macho, jamani. Mimi jiwe nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Milembe alikuwa amejitupa chali, miguu imejikaza kwenye ukuta, mikono yote miwili imevutwa mbele kwa ile kamba, anabeba uzito wa watu wawili. Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kifundo. Hakufungua mdomo. Shuka likasimama. Kankindi akagusa saruji kwa kisigino tu, akainuka, akacheza. Akacheza hatua zote alizoziiba kupitia tundu la gunia, na Mlimani wote wakatoa leso.

Basi ngoma ikaisha, mvua ikapungua, na Mwalimu Eugenia akaleta kopo la rangi na brashi chini ya boriti. Hapo ndipo tulipoona. Boriti ilikuwa imejaa. Ilibaki nafasi ya jina moja, karibu na bawaba. Na ngoma ya mwakani haikuwepo, maana ghala lilikuwa limeshapata mnunuzi.

Kankindi akasema, "Niliruka mimi. Wote mliokuwa chini mlikuwa chini. Mlinipa Nyota kwa sababu mliona nikivunjika haitawauma, nami nilijua hivyo, na nikaruka. Niandikwe."

Klotilda akasema, "Ulirukia macho yangu. Ngoma haikusikika, ungesimama kule mpaka leo. Na mimi niliruka kabla yako, sikukosea hatua hata moja, nikakoseshwa na mikono ya watu. Wewe una miguu miwili, ngoma utacheza tena. Mimi nikikosa hapa sina pengine. Niandikwe."

Bwana mizani akasema kwa nyuma, "Lakini mwanangu, uliinua mkongojo na shuka likalegea." Klotilda akamjibu, "Nilipoinua lilikuwa limekaza, Baba." Na ni kweli, nililiona.

Milembe hakutaka kusema. Mkono ulikuwa umefungwa kwa leso ya mama yake. Baba yake, yule katekista, akamwambia aseme. Akasema, "Mwaka jana niliachia mimi." Klotilda akamgeukia taratibu, akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni. Milembe akaendelea. "Nilimvunja mmoja, nikamwokoa mmoja. Wote hawa wawili waliogopa kuanguka. Mimi niliogopa mikono yangu mwenyewe, na nikaja nayo. Sijui kama nastahili. Lakini asiyeandikwa kwa zuri lake, watu watamkumbuka kwa baya lake tu."

Mama Kankindi akasema, "Aliyevunja chungu hasifiwi kwa kuokota vigae." Mama yake Milembe akasema, "Na mwanao angekuwa wapi sasa hivi?" Maneno yakaanza kupanda.

Mwalimu Eugenia aliogopa. Alijua jina lolote atakaloliandika, watu watamuuliza na kosa lake mwenyewe. Akatazama huku na huku, akaniona mimi, bado na gunia kiunoni. "Wewe ulikuwa jiwe," akasema. "Hukuruka, hukushika, hukuangusha mtu. Uliona yote. Andika wewe." Akanipa brashi.

Nikapanda kwenye benchi. Wote watatu wakanitazama, na Kankindi alikuwa rafiki yangu, na Klotilda alikuwa na mkongojo, na Milembe mkono ulikuwa ukivimba. Rangi ikadondoka kwenye kidole changu cha mguu. Nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani, nikashuka bila kuandika. Wenye kucheka wacheke. Hata Krismasi ile, jiwe ni mimi peke yangu niliyelicheza mpaka mwisho.

Ghala lilivunjwa. Boriti niliiomba, iko juu ya mlango wangu, mmepita chini yake mlipokuwa mkiingia. Nafasi bado ipo, na kopo la rangi liko kabatini. Kankindi, Klotilda na Milembe wote wako hai, na keshokutwa, Krismasi, wanakuja kula kwangu. Watapita mlango ule ule, na mmoja baada ya mwingine atainua macho.

Haya, ambaye alilimeza jibu alitoe sasa. Je, niandike jina la nani?