Sikudhani na Furushi Lisilo na Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Kulikuwa na mtu na mzigo. Nani kambeba mwenziwe?

Hatujui, bibi!

Basi kaeni, maana hata yeye hakujua.

Kulikuwa na dada mmoja, jina lake Sikudhani, kwao upande huu wa mto. Mdogo wake, Mwajabu, kaolewa ng'ambo. Siku moja ikaja habari: Mwajabu kajifungua mtoto wa kike, dada yake aje amkande maji ya moto.

Na upande huu wa mto kulikuwa na zimwi. Chakula chake vitoto vichanga. Lilikuwa limesikia harufu ya mtoto wa Mwajabu, linameza mate tu, kwa sababu maji ya mto yakiligusa linayeyuka kama chumvi. Haliwezi kuvuka mpaka libebwe na binadamu, kichwani. Hilo mlishike.

Mngelibeba nyinyi?

Hatulibebi!

Haya, ngojeni.

Basi Sikudhani akaanza kufunga mizigo. Akafunga vyungu. Akafunga mto wa kulalia. Akafunga kinu na mchi wake.

Mumewe, Mbwera, akauliza, "Kwani Mwajabu hana kinu?"

"Anacho. Lakini hujui mbele kuna nini."

"Na mto? Kule watu wanalala wima?"

"Hujui mbele kuna nini!"

Akajifunga kanga, juu yake akavaa gauni la mahameli, zito, linaburura chini. Miguuni akatia mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuendea kuoga.

Mbwera akamtazama. "Mke wangu, unakwenda safari au unakwenda kuoga?"

"Njia ina umande. Wewe hujui mbele kuna nini."

Zimwi lilikuwa nyuma ya ua linasikiliza. Likacheka kimya kimya. Neno lile likalihifadhi.

Sasa majirani nao wakaja. Kwetu ukienda kwa mzazi hukatai kifurushi cha mtu. Na hukifungui njiani! Ukifungua utaitwa mdokozi mpaka unazikwa. Bi Mkejina kaleta unga wa uji. Mama Semeni kaleta pilipili manga ya mchuzi wa mzazi, kapu zima, kalizungushia gunia. Mwingine kaleta, mwingine kaleta. Mimi mwenyewe hapa huchanganyikiwa nani kaleta nini, sembuse Sikudhani.

Akakunja kanga nyingine ikawa ngata, akaiweka utosini, akajitwika. Mengine mgongoni, mengine mkononi. Akaondoka, mitalawanda inalia ko, ko, ko.

Akafika penye kichuguu, akatua kupumzika. Zimwi likaja taratibu. Likajikunja, likajiviringisha, likawa furushi limefungwa kamba ya ukindu kama wenzake. Likajilaza katikati.

Sikudhani alipojitwika tena, shingo ikazama mabegani. "Ee! Mzigo umeongezeka, au mimi nimechoka?"

Akatua, akahesabu. Akahesabu tena, akapata idadi nyingine. Hesabu ya tatu akaanza kujibishana nayo. Angefungua aone, lakini la mtu halifunguliwi. "Labda hili la Bi Mkejina. Yule mama hapimi." Akabeba.

Akafika penye majani marefu, mahameli imeshika matope mpaka magotini. Akasema, "Hapa naacha kimoja." Ndipo sauti ndogo ikamwambia sikioni, "Nibebe, nibebe. Hujui mbele kuna nini."

Maskini, akadhani ni mawazo yake, maana maneno ni yake. Akabeba.

Akafika ukingoni mwa mto. Akatua vyote chini, lundo. Ng'ambo akaiona nyumba ya Mwajabu, akamsikia mtoto: nyaa! nyaa!

Na ndani ya lundo tumbo likanguruma. Udenda ukatiririka, ukalowesha mafurushi yote.

Sikudhani akarudi nyuma. Unga haungurumi. Kinu hakitoi udenda. Akakumbuka habari za zimwi wanazosimuliana kijijini. "Mama yangu! Nimelibeba zimwi kumpelekea mtoto!"

Lakini lipi? Yote yamelowa, yote yana kamba ya ukindu.

Akauliza kwa ukali, "Wewe hapo la nani?"

"La Bi Mkejina, mwanangu," likajibu, sauti ya Bi Mkejina kabisa. "Nibebe, nibebe. Hujui mbele kuna nini."

Akageukia upande mwingine. "Na wewe?"

"La mama Semeni. Nibebe, nibebe. Hujui mbele kuna nini."

"Na wewe?"

"Mimi mto wako wa kulalia, umenisahau? Nibebe, nibebe. Hujui mbele kuna nini."

Sauti inatoka huku, inatoka kule. Alilolidhania la unga sasa analiona la vyungu. Kichwa kikamzunguka. Akakaa chini akalia, "Lipi? Lipi? Lipi?"

Mtoto naye ng'ambo: nyaa!

Sikudhani akajishika kichwa, mkono ukagusa ile ngata. Kanga yake. Kaikunja mwenyewe asubuhi, na tangu asubuhi haijatoka utosini.

Akaishika vizuri.

"Hii naijua," akasema. "Hayo mengine yote siyajui tena. Kaeni hapo hapo."

"Utanihitaji!" likapiga kelele lundo zima.

"Nikikuhitaji nitaazima kwa mdogo wangu."

Akakimbilia mtoni. Mitalawanda ikateleza, akaanguka kifudifudi. Zimwi likafumuka kutoka kwenye furushi, mikono mirefu, likadaka pindo la gauni. "Nibebe!" Sikudhani akajikunyata, akachomoka ndani ya gauni kama ndizi katika ganda, na kanga yake kifuani, ngata mkononi, miguu mitupu, akaingia majini. Zimwi likabaki kavu limekumbatia mahameli.

Likatazama maji. Likatazama mizigo. Hakuna wa kulibeba.

Basi kwa njaa na hasira likafungua mafurushi. La kwanza kuingia kinywani lilikuwa kapu la mama Semeni. Likatafuna, likameza. Kisha likasimama, macho yakatoka. Pilipili manga yote ya mzazi! Ulimi moto, koo moto, tumbo moto. Likasahau lilivyo, likainama mtoni likapiga funda moja.

Likayeyuka kama chumvi, kuanzia mdomo mpaka kisigino.

Sikudhani akaingia kwa Mwajabu anadondosha maji.

"Dada! Mizigo iko wapi?"

"Ng'ambo."

"Yote?"

"Yote. Na mmoja haukuwa wangu."

"Na mama Semeni aliniahidi pilipili manga!"

"Imeliwa. Usiniulize na nani. Nipe mtoto kwanza."

Mwajabu akamtoa mtoto, na mikono ya dada yake ilikuwa wazi kumpokea. Sikudhani akaikunjua ile ngata, ikawa mbeleko. Akamweka mgongoni, akaimba kidogo, mtoto kimya. Jioni kanga ile ikawa taulo. Usiku ikawa shuka. Kwa Mwajabu vyungu vilikuwepo, kinu kilikuwepo, na mto ulikuwepo, tena laini kuliko wake.

Kesho yake Mbwera, alipopata habari, akaenda ukingoni kukusanya mizigo. Akakuta kati yake kamba moja ya ukindu, fundo limekazwa vizuri, ndani hamna kitu. Akaigeuza, akaigeuza. Mpaka leo hajaelewa.

Basi wajukuu zangu, mkisafiri bebeni mnachokijua, na vaeni nguo inayowaacha mkimbie. Usibebe kitu kwa kuogopa tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Naitua chini. Anayeitaka aibebe, hii haina uzito.