Chujio Lililokamata Salamu

Kisa hiki alikitoa kwanza shangazi Nasemba, Desemba ya 2016, kwenye arusi ya kaka yetu Kiza, huku tukimenya viazi. Alianza hivi.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, tapeli aliuandikia barua pepe ushirika wa wafuga nyuki huko milimani Usambara. Karani akaifungua, kompyuta zote zikafa, asali ikalala ghalani msimu mzima. Mwenyekiti, Mzee Shekiondo, akaapa: "Atakayeuziba mlango huo, mtamba wangu mweusi ni wake."

Zubeda, katibu wa ushirika, alimtaka mtamba yule kuliko alivyosema. Ng'ombe wa mama yake alikuwa amekufa, na mama alikuwa akiomba maziwa kwa wifi yake. Kila kikombe kilikuja na masimango.

Fundi Amiri akatengeneza chujio, programu ya kusoma kila barua inayoingia na kuifungia yenye dalili za utapeli.

"Naliwasha leo," akasema.

"Hata mchuzi huonjwa kabla ya kupakuliwa," Zubeda akajibu. "Kwanza lijaribiwe pembeni, kwa nakala za barua za zamani na za uongo tutakazotunga wenyewe."

"Dada Zubeda, wewe unaogopa hata kivuli."

"Naogopa kazi yako, fundi. Kivuli sikiogopi."

Wakajaribu. Barua za uongo zikakamatwa. Barua za wanachama nazo zikakamatwa, zote! Kwani mfuga nyuki haombi mzinga kabla ya shikamoo, kabla ya kuulizia mke, watoto, mifugo na goti linalouma. Shida yake huja mwishoni, pamoja na "tafadhali nijibu upesi". Chujio lilifunzwa kwa barua za ugenini, likaona maneno matamu kiasi kile ni ya kulaghai tu. Barua ya mwenyekiti ndiyo iliyofungiwa ya kwanza.

"Mimi? Tapeli?" mzee akafoka.

"Umesalimia mno, mzee," Zubeda akamwambia.

Amiri akalifunza chujio upya kwamba salamu si kosa. Wakajaribu tena, wanachama wakapita, waongo wakakwama. Amiri akanyoosha kidole kuwasha.

"Ngoja," akasema Mzee Hozza, mtunza ghala mstaafu. "Nami nijaribu kuwa mwizi."

Akatunga barua kwa jina la dada wa mwenyekiti. Ikasalimia hata mbwa, kisha ikasema: fungua hapa uone picha ya mjukuu. Ikapita. Mzee Shekiondo, aliyeketi mbele ya kompyuta ya majaribio, akasahau majaribio. Akaifungua, akaita watu waje kumwona mtoto. Wakamkuta Mzee Hozza, kibogoyo, anacheka pichani.

Hapo Amiri akaongeza: chujio lisisome maneno tu, lipekue na anwani iliyotuma. Wakaliwasha. Haukupita muda, tapeli akarudi na salamu ndefu kuliko za Hozza. Barua yake ikanaswa mlangoni.

Wakamwendea mtamba.

Amiri akasema, "Chujio ni langu. Bila mimi mngejaribu nini?"

Zubeda akasema, "Bila mimi ungeliwasha siku ile, ukawafungia nje wanachama wote."

Mzee Hozza akasema, "Nyie mlikuwa mmeshamaliza. Bila mimi mngelala mlango wazi, wanangu."

Ndipo Mzee Shekiondo, aliyeshika kamba, akakohoa. "Na mimi je? Nisingenaswa, nani angeamini tundu lipo?"

"Mzee! Aliyetumbukia shimoni anadai zawadi ya kulifukia?" Zubeda akang'aka.

"Aliyetumbukia ndiye ajuaye kina, mwanangu." Kamba hakuiachia.

Shangazi alikomea hapo. Ya kuongezea ni haya tu. Mzee Hozza alifariki mwaka 2021. Amiri yupo, Zubeda yupo, mama yake yupo. Mzee Shekiondo yupo, na mtamba, ambaye ameshazaa, bado yumo zizini kwake, kwa maelezo kwamba hukumu haijatoka. Basi itoeni nyie: je, nani alistahili?