Aliyeshuka Kabla ya Utepe

Fundi mmoja wa baiskeli alikuwa na binti, na alikuwa na sikio. Sikio lake lilijulikana tarafa nzima. Angeweza kuwa ameinama juu ya kazi, spana mkononi, ameipa mgongo barabara, na bado akasikia gololi zilizokauka grisi katika baiskeli ya mpita njia. Hapo humwita, awe na haraka au asiwe nayo. "Shuka," humwambia. "Chuma kinalia." Watu walishuka, hata mwenyekiti wa kijiji, hata bwana harusi aliyechelewa, kwa sababu waliowahi kumbishia walirudi na gurudumu begani. Jina lake Luhende, na hakuna chuma kilichowahi kumlilia asikisikie.

Binti yake aliitwa Milembe. Alikuwa anamaliza kidato cha nne, mrefu, mchache wa maneno, na miguu yake ilikuwa gumzo la bonde zima la pamba. Huko kwao mavuno yakishauzwa hufanyika mashindano ya baiskeli. Si zile baiskeli nyembamba za wageni, bali hizi hizi nyeusi za chuma zinazobeba magunia na wagonjwa. Wanaume wana mbio zao na wanawake wana zao, na mshindi huondoka na mtamba wa ng'ombe. Luhende alimtengenezea binti yake baiskeli kwa mikono yake mwenyewe. Aliivua keria, akaivua madigadi na kengele, akatia grisi kila kiungo. Kila jioni aliiinua, akazungusha gurudumu, akatega sikio mpaka liliposimama lenyewe. "Iko kimya," alisema, na siku hiyo alikula vizuri.

Sasa, katika bonde lile kuna sheria ambayo hakuna aliyeitunga na wote wanaitii: baiskeli ya mashindano haishukwi njiani. Ukianguka utapewa pole. Ukipasukiwa tairi utasukuma, na watu watakupigia makofi. Lakini ukishuka kwa hiari yako, mzima, kabla ya utepe wa mwisho, unatolewa upepo. Vijana wanakuzunguka, wanafungua valvu za magurudumu yote mawili, na wewe unaisukuma baiskeli yako ikiwa imekalia ringi hadi nyumbani, watoto nyuma yako wakiigiza ile sauti ya upepo unaotoka. Wapo wanaume wenye ndevu waliohama kwa sababu ya sauti hiyo.

Wakati wa masika kifua cha Milembe kilianza kuuma. Hakikuuma akilala, wala akitembea kwenda shule. Kiliuma alipopanda kwa kasi kilima cha kiwanda cha pamba. Maumivu yalimkalia katikati ya kifua, mazito, kama mtu aliyemwekea goti pale, na akipunguza mwendo yaliondoka. Siku moja yalikuja na giza machoni, akajikuta ameukumbatia mti wa kando ya barabara bila kukumbuka alivyoufikia.

Akamwambia baba yake. "Kichomi hicho," Luhende akasema. "Kaza." Mama yake akamsugua mafuta ya mkaratusi. Mwalimu wa michezo akasema ni ukuaji. Shangazi akasema kuna jicho la mtu. Mzee Maduhu, msimamizi wa mashindano, ambaye tangu apate pikipiki hajakanyaga pedeli, akasema ni woga, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Kila mmoja alikuwa na jina la kuyapa maumivu yasiyokuwa yake, na majina yote yaliishia kwenye neno lilelile. Kaza. Ni neno jepesi sana mdomoni mwa aliyekaa kwenye kiti.

Na asidhani mtu kwamba hawakumpenda. Luhende alimpenda kuliko mboni za macho yake. Lakini alilelewa kwa usemi kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, naye aliuchukulia kwamba mtoto akilia, mzazi aangalie pembeni.

Milembe akakaza. Alikaza wiki hadi wiki, akaona haya hata kukigusa kifua mbele ya watu. Kisha siku moja alikuwa amekaa kibandani kwa baba yake, akipumua baada ya mazoezi, mkono umelala kifuani. Mwanamke mmoja akapita na magunia ya mkaa juu ya baiskeli. Luhende akanyanyua kichwa kama mbwa aliyesikia nyayo. "Mama, shuka, shuka, cheni inalia hiyo." Akamshusha, akamhudumia, akamwachia aende. Hakugeuka kumtazama binti yake aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo. Milembe akaushusha mkono kifuani. Kuanzia siku ile hakumtajia tena baba yake habari za kifua.

Siku ya mashindano wanawake walipuliziwa filimbi asubuhi, wakazunguka bonde lote, na walipotokea upande wa kiwanda Milembe alikuwa mbele peke yake. Utepe ulikuwa umefungwa juu ya kile kilima, kwa sababu Maduhu alitaka watu waone vizuri. Akaanza kupanda. Goti likamkalia kifuani. Safari hii halikuishia pale; lilipanda mpaka kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, na giza likaanza kuingia kutoka pembeni mwa macho. Mbele yake aliuona utepe mwekundu, na wanaume wawili walioushika, na mtamba nyuma yao akitafuna pumba bila habari. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumfikia. Vigelegele vilikwisha kuanza. Kilima kizima kiliimba: kaza, Milembe, kaza.

Ndipo alipokasirika. Wengi wamesema baadaye kwamba aliogopa, na wamesema uongo. Alikasirika, kwa sababu aliitazama midomo ile yote iliyokuwa wazi, akaona kwamba kila mtu pale anakimbia kwa kifua chake yeye Milembe, na hakuna hata mmoja atakayezikwa nacho. Akashika breki. Akashuka.

Watu wakazomea. Mwendeshaji wa pili akampita, na wa tatu akampita. Vijana wa kutoa upepo wakaja mbio, wakicheka. Milembe akawanyoshea kiganja wasubiri. Akakaa chini vumbini taratibu, akaivuta baiskeli karibu naye, akafungua valvu ya gurudumu la mbele kwa vidole vyake mwenyewe. Upepo ukatoka mpaka ukaisha. Akafungua ya nyuma. Kisha akawanyoshea wale vijana valvu zote mbili. Hakuna aliyezipokea. Walikuja kumtia mtu aibu, wakakuta amewamalizia kazi yao, na hawakujua mikono yao waiweke wapi.

Luhende alifika akitweta, pampu mkononi, jasho limemlowanisha shati. Alikuwa ameliona jina lake likivuliwa nguo mbele ya tarafa. Akainama, akasema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. "Mwanangu, nitaijaza sasa hivi. Utepe ule pale. Panda."

Milembe hakushusha sauti. "Baba, chuma kikilia unawashusha watu barabarani. Mimi nimelia tangu masika, ukaniambia nikaze. Sipandi."

Luhende aliiweka pampu chini. Kuzomea kuliendelea, lakini yeye hakukusikia tena. Kisha akafanya jambo ambalo baba wa huko kwao hamfanyii binti mkubwa mbele ya watu: akapiga magoti vumbini, akalaza sikio lake juu ya kifua cha mwanawe, juu ya fulana yenye namba, akatulia. Alisikia moyo unakwenda mbio. Katikati ya mapigo alisikia sauti nyingine, ya kukwaruza, ya kitu kinachojipenyeza mahali pembamba. Hakujua ni nini. Alichojua ni kwamba chombo chenye sauti ile hakipandwi. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umezeeka. Akambeba binti yake kama alivyokuwa akimbeba alipokuwa mtoto, akamwita dereva wa gari la pamba. Maduhu akamkimbilia kuuliza kama msichana hawezi angalau kusukuma baiskeli amalize. Luhende akampita kama mtu anavyokipita kisiki.

Katika hospitali kubwa daktari, mwanamke wa makamo, alimlaza Milembe, akampitishia kifuani chombo cha kupimia moyo, akautazama moyo ukicheza kwenye kioo cha mashine. Akawaeleza bila kuzunguka. Mlango mmoja wa moyo, ule wa kutolea damu kwenda mwilini, ulikuwa umekakamaa na haufunguki sawasawa. Huenda ni makovu ya homa za koo za utotoni zilizoachwa zipite zenyewe. Akitembea, damu inayopita inamtosha. Akipanda mlima kwa kasi, moyo unataka zaidi ya unachoruhusiwa, na yale maumivu ndiyo kilio chake. Akasema pia kwamba si kila kijana anayeumwa kifua mchezoni ana ugonjwa wa moyo. Mara nyingi ni misuli, au pumu, au tumbo. Lakini maumivu yanayokuja na kasi, yakaondoka kwa kupumzika, tena yakaleta giza machoni, hayo mtu anashuka kwanza na kuuliza baadaye.

Luhende akauliza, na swali lilimtoka kwa shida, ingekuwaje kama binti angekaza pale kilimani.

"Wapo waliokaza, mzee wangu," daktari akasema. "Hao hawaletwi kwangu."

Milembe alipangiwa upasuaji wa kurekebisha ule mlango, na mpaka siku hiyo alikatazwa kilima, kasi na mashindano. Alilia. Alikuwa anazipenda mbio kuliko wote waliompigia kelele, na mtu asije akasema kwamba kushuka kulikuwa rahisi kwake. Aliporudi nyumbani, watoto sokoni walimwigizia ile sauti ya upepo. Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja bila kuinamisha uso, mpaka wakakumbuka wametumwa chumvi. Akaendelea na safari yake, polepole, kama alivyoagizwa, na kichwa chake kilikuwa juu.

Wiki haikuisha Maduhu akaja nyumbani. Wakamkaribisha, wakamwekea chai. Akasema pole, akaisema upesi, kama mtu anayefuta kiti kabla ya kukikalia. Hakuuliza daktari alisema nini. Hakuuliza upasuaji ni lini. Alitazama uani, ambako Kabula, mdogo wake Milembe, alikuwa anasugua masufuria.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha kwa kidevu. "Miguu naona ni ileile. Na baiskeli si ipo?"

Luhende akaweka kikombe chini. "Huyu kwanza atasikilizwa kifua."

Maduhu akacheka, akasema tangu lini mtoto akakaguliwa kama lori. Milembe alikuwa ameegemea mlango. Alimwamkia kwa heshima zote, maana alikuwa mkubwa kwake, kisha akamwambia:

"Mzee Maduhu, Kabula akipenda kupanda, atapanda. Na siku akitaka kushuka atashuka, hata utepe ukiwa umemgusa pua. Atakayekuja kumtoa upepo atanikuta mimi nimekaa pale."

Maduhu hakuimaliza chai. Mpaka leo husema, kila apatapo msikilizaji, kwamba mabinti wa fundi yule hawana adabu, na kwamba ng'ombe aliponyoka kwa hatua chache tu za uvivu. Wako wanaotikisa kichwa kumkubalia. Mtamba mwenyewe alichukuliwa na msichana wa bonde la pili, akauzwa, akachinjwa, na hakuna anayekumbuka hata rangi yake. Milembe yupo. Upasuaji ulikwenda vizuri, kovu liko wazi kifuani, na hajifuniki.

Basi ninyi mliosimama kandokando ya kilima mkiimba kaza, jibuni hili moja: kama angeufikia ule utepe akaufia hapo hapo, mngemlilia kwa muda gani kabla ya kumwendea baba yake kuuliza habari za mdogo wake?